Muhuri Usoni, Majoka Mgongoni

Katika chapa ya mbao ya mchoraji wa Kijapani Utagawa Kuniyoshi inayomwonyesha mtawa Lu Zhishen, anayeumia ni mti. Shina la msonobari limepasuka, vibanzi vinaruka, na mtawa mwenyewe, pande la mtu lenye kichwa kilichonyolewa, bado kaishikilia fimbo yake ya chuma kana kwamba pigo moja halikumtosha. Mwili wake umechorwa maua. Nimeikuza picha hiyo kwenye simu mara nyingi, maana majumba ya makumbusho ya London na Boston yameziweka chapa zao mtandaoni kila mtu azione, na kila nikiikuza najikuta namtafuta mtu ambaye hayumo.

Mtu huyo ni Lin Chong. Aliyesoma riwaya ya Kichina ya Shuihu zhuan, hadithi ya majambazi 108 wa kinamasi cha Liangshan, anajua mti ule ulivunjwa kwa ajili ya nani. Lin Chong alikuwa mwalimu wa silaha wa askari wa mfalme katika mji mkuu. Kosa lake lilikuwa kuoa mke mzuri. Mtoto wa kulea wa Gao Qiu, mkuu wa majeshi aliyepata cheo kwa ufundi wake wa kuchezea mpira mguuni, akamtamani yule mke. Mume akategewa mtego, akakutwa na upanga mahali ambapo upanga haukuruhusiwa kuingia, akahukumiwa. Akachapwa viboko 20, akachanjwa maandishi shavuni, akavishwa kongwa la mbao na kupelekwa uhamishoni Cangzhou. Askari wawili wanaomsindikiza wamehongwa wamwue njiani. Usiku wanamwunguza miguu kwa maji ya moto. Asubuhi wanamfunga kwenye mti msituni, na fimbo ya askari ikiwa tayari hewani, ya mtawa inachomoka vichakani na kuirusha mbali. Lu Zhishen anafuatana na rafiki yake zaidi ya wiki mbili. Wakati wa kuagana anawauliza wale askari kama vichwa vyao ni vigumu kuushinda msonobari ule, kisha anaupiga kwa ile fimbo ya jin 62, ratili za Kichina. Mti unakatika.

Kuniyoshi kaupunguza mkasa wote huo hadi wakabaki wawili, mti na mtawa. Mwenye alama ya hukumu usoni katolewa. Mwenye maua mwilini kaachiwa karatasi nzima. Kwangu mimi siri ya mfululizo mzima wa chapa zake za majambazi hao imelala hapo, na ndiyo maana sikubaliani na maelezo ya haraka yanayoziita chapa hizi vielelezo vya kitabu cha Kichina. Wala neno "kuazima" halinitoshi. Wajapani walikuwa wakichukua maandishi, dini na hadithi za China kwa zaidi ya miaka elfu kabla ya Kuniyoshi kuzaliwa. Hilo si habari. Linaloniwasha ni kwa nini mchoraji huyu, alipoletewa watu 108 kutoka kitabuni, aliwachora ngozi wengi kuliko kitabu kilivyomruhusu.

Kitabu chenyewe kina alama za aina mbili. Ya kwanza ni ya dola. Katika China ya nasaba ya Song, mhalifu aliyehukumiwa uhamisho alichanjwa maandishi usoni, na msimulizi wa riwaya anatuambia, kwa sauti ya mtu anayenong'ona, kwamba ili kupunguza uchungu watu walikuwa wakisema amepigwa "muhuri wa dhahabu". Tafsida hiyo inachoma kuliko tusi. Lin Chong anao muhuri. Song Jiang, kiongozi wa wote, anao, hadi tabibu wa kundi anapokuja kuufuta kwa dawa. Wu Song, yule aliyemwua chui milia kwa mikono mitupu baada ya kunywa bakuli 18 za pombe katika kilabu kilichoweka bango la kumwonya msafiri asizidishe tatu, naye anao. Na akitaka kupita barabarani bila kukamatwa inabidi avishwe nguo za hujaji na kuangushiwa nywele usoni zifunike maandishi. Uso wake una ushahidi dhidi yake.

Alama ya pili ni ya kununua. Kijana Shi Jin, mtoto wa mwenye shamba, hajali jembe wala ng'ombe, anapenda marungu. Baba yake, badala ya kumtia akili, anamwitia fundi hodari amchore majoka tisa mabegani, mikononi na kifuani. Kijiji kinamwita Joka Tisa, na jina hilo analivaa kwa majivuno mpaka mwisho. Yan Qing naye ana ngozi nyeupe iliyopambwa kwa rangi, na watu humtazama kama wanavyotazama kitambaa cha thamani. Wapo na wengine, lakini wanahesabika kwa vidole. Hadithi iliyoandikwa kwa sura nyingi kiasi kile inawataja kisha inaendelea na safari zake.

Sasa tuvuke bahari hadi Edo, mji tunaouita Tokyo leo, mwaka 1827.

Kuniyoshi alikuwa mtoto wa mtia rangi hariri. Mwaka 1811 aliingia kujifunza kwa Utagawa Toyokuni, bwana mkubwa wa picha za waigizaji, na akatoka 1814 akiwa na jina la ukoo wa kisanaa bila kazi ya kulilisha. Mwenzake wa chuo kile, Kunisada, alikuwa akiuza kama njugu. Yeye inasimuliwa alifikia kukarabati mikeka ya tatami ili apate kula. Kisha mchapishaji Kagaya Kichiemon akampa kazi ya mashujaa wa Suikoden, kama Wajapani wanavyolisoma jina la Shuihu zhuan. Chapa chache zikatoka, mji ukazigombania, zikatoka nyingine, na baada ya miaka michache alikuwa amefikisha zaidi ya 70. Toka hapo watu wakamwita Kuniyoshi wa picha za wapiganaji, na jina halikumtoka tena.

Alikuta tanuri limekwisha kuwaka. Tafsiri ya Okajima Kanzan ilianza kuchapwa 1757. Mwaka 1805 mwandishi Kyokutei Bakin na mchoraji Hokusai walianza toleo jipya lenye picha, na mwaka 1825 Bakin huyohuyo akaanza kutoa Suikoden ya wanawake, mashujaa wote wamegeuzwa jinsia na mahali pamegeuzwa Japani. Kulikuwa na wachuuzi waliobeba vitabu mgongoni wakivikodisha nyumba kwa nyumba, kwa hiyo hata asiyeweza kununua aliweza kusoma. Lakini picha zote hizo zilikuwa za wino mweusi ndani ya kurasa. Kuniyoshi aliwatoa kitabuni, akawapa rangi kamili na karatasi moja kila mtu, kwa bei ya bakuli moja au mawili ya tambi.

Kwa nini Wachina? Japani haikuwa na uhaba wa wapiganaji wake. Ilikuwa na kitu kingine: polisi wa picha. Tangu miaka ya 1790 kila chapa ilibidi ipitishwe na wakaguzi na kupigwa kimuhuri kidogo cha duara, na kimuhuri hicho kipo kwenye chapa za Suikoden ukikitafuta. Mwaka 1804 mchoraji Utamaro, aliyekuwa kileleni mwa umaarufu, alifungwa pingu mikononi kwa siku 50 kwa kumchora Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyekuwa amekufa zaidi ya miaka 200 kabla. Amri ikatoka: msichore wapiganaji wa kuanzia enzi ya Tenshō, yaani miaka ya 1570 kuja mbele, kwa majina yao na nembo zao. Ukoo wa Tokugawa ulitawala kwa sababu ulishinda vita za wakati huo, na haukutaka mtu wa sokoni azijadili. Historia ya jana ilikuwa mwiko. China ya miaka 700 nyuma haikuwa na jamaa wa kulalamika.

Na China hiyo hakuna aliyeiona. Tangu 1635 Mjapani alikatazwa kusafiri nje, adhabu ikiwa kifo. Wafanyabiashara wa Kichina waliofika walizungushiwa ukuta Nagasaki, mbali kabisa na Edo. Kwa hiyo Kuniyoshi alichora nchi ya kusikia: kofia na makoti ya kivita yaliyojaa nakshi ambazo mshonaji wa Kaifeng, mji mkuu wa Song, angezishangaa, nyuso zenye macho ya makengeza ya mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya Kijapani, anapoganda jukwaani ili apigiwe makofi. Makosa hayo, kama ni makosa, ndiyo yaliyomfaa mnunuzi. Alimwona shujaa wa mbali kabisa mwenye sura ya mtu aliyemlipia kiingilio wiki iliyopita.

Turudi kwenye ngozi, maana Edo nayo ilikuwa na muhuri wake. Mwaka 1720 shogun Yoshimune, mtawala wa kijeshi wa Japani, aliingiza uchanjaji katika adhabu rasmi, mahali pa kukata pua na masikio. Mwizi wa Edo alichorwa mistari kuzunguka mkono. Katika majimbo mengine alama iliwekwa kwenye paji la uso. Mtu wa mji ule aliyefungua Shuihu zhuan na kukuta habari za shavu la Lin Chong hakuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Aliijua alama hiyo kwa macho, pengine kwa jirani yake, pengine kwa mkono wake mwenyewe alioufunga kitambaa.

Pembeni ya adhabu hiyo palikuwa na desturi ndogo ya hiari: wapenzi waliochorana majina, waumini waliojichora maneno ya sala. Vitu vya kufichika. Kuniyoshi akaja na migongo mizima. Mashujaa wapatao 15 aliwapa tatuu, na zikawa picha kamili, zenye majoka, mawimbi, maua na wanyama, zinazopanda begani na kushuka mkononi. Wengi kati ya waliozibeba hawakuwa nazo kitabuni. Zaidi ya hapo, nyuso za hawa watu wake ni safi. Mapigano yote yale, vifungo vyote vile, na huoni shavu lililoandikwa. Alama imehamishwa kutoka usoni, mahali ambapo serikali iliiweka ili kila mtu aisome, ikapelekwa mgongoni, mahali ambapo mwenyewe ndiye anayeamua lini avue nguo.

Hilo ndilo dai langu. Chapa hizi zilimrudishia mtu wa chini umiliki wa ngozi yake, zikitumia hadithi ya kigeni kama kibali cha kupitia mlango wa wakaguzi. Sisemi Kuniyoshi alikaa chini akapanga hivyo. Alikuwa na deni la kula na mchapishaji wa kumridhisha. Lakini alikuwa pia mtoto wa mtia rangi, aliyekulia kwenye hariri inayoanikwa na mapambo yanayovuka mshono, na nadhani jicho lile ndilo lililoitazama ngozi ya Shi Jin na kuona kitambaa ambacho hakijatiwa rangi. Ukizitazama chapa hizi kwa karibu, nguo na ngozi zinashindana: begani pana joka, ukanda una mawimbi, suruali ina mawingu, na mahali ambapo kimoja kinaishia kingine kinaanza hupaoni kwa urahisi. Juu kabisa kuna jina la mfululizo, jina la shujaa na habari zake kwa ufupi, na msomaji wetu aliyezoea kusoma kanga kabla ya kuijadili rangi yake atazielewa haraka: maneno na pambo ni vazi moja.

Kuna kitu cha lugha kinachonifurahisha hapa. Kwa Kijapani, kitenzi cha kuchonga mbao ndicho kinachotumika kwa kuchora tatuu, horu, na tatuu za fahari huitwa horimono, kitu kilichochongwa, tofauti na neno lililozoeleka kwa alama ya adhabu. Mafundi wa tatuu mpaka leo huanza majina yao ya kazi na Hori. Kiswahili nacho hakiko mbali: fundi anachora mlango, mtoto anachora picha, kijana anachora tatuu, na kitenzi ni kilekile, kilichokuwa na maana ya kukwaruza kitu kigumu tangu kabla hatujawa na penseli.

Na chapa yenyewe ilizaliwa kwa kuharibu. Mchoraji anachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Karatasi inabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri pori, na mchongaji anakata kote, akiacha mistari tu imesimama. Mchoro wa Kuniyoshi unaliwa na kisu. Hakuna anayebaki nao. Kisha kila rangi inapewa ubao wake, na kwenye kona ya kila ubao zinachongwa alama mbili ndogo za kupangia karatasi ili rangi ya kumi iangukie palepale ilipoangukia ya kwanza. Mpiga chapa anapaka rangi, analaza karatasi ya nyuzi za mforosadi, anasugua kwa kisuguo kilichofungwa ganda la mwanzi. Unywele mmoja wa shujaa ni mbao iliyobaki baada ya mbao nyingine yote kuondolewa. Waliofanya kazi hiyo kwa kawaida hawakutajwa kwenye karatasi. Sahihi ni ya Kuniyoshi, nembo ni ya mchapishaji, basi.

Walionunua walizipeleka chapa hizi mbali na ukuta. Vikosi vya zimamoto vya Edo, vilivyopangwa kwa herufi za alfabeti ya Kijapani tangu karibu 1720, vilijaa mafundi wa majukwaa ya ujenzi na vibarua. Mji ulikuwa wa mbao na karatasi. Hawakuzima moto kwa maji kama tunavyofikiri. Walipanda juu ya paa la nyumba ya jirani na kuibomoa kwa kulabu ili moto ukose chakula. Wakaanza kujichora migongo kwa mashujaa wa Suikoden, na si migongo tu. Koti la zimamoto lilikuwa la pamba nene lililoshonwa tabaka juu ya tabaka, lenye pande mbili. Nje ni rangi ya giza na alama ya kikosi. Ndani kapakwa shujaa, joka, mtu anayepigana na mnyama. Kwenda motoni walilivaa upande mtupu, limeloweshwa chapachapa. Moto ukishazimwa, walipotembea kurudi mtaani, walilipindua.

Makoti hayo yapo kwenye makumbusho na ndiyo ushahidi wangu mkubwa, mkubwa kuliko chapa zenyewe. Chapa ni bidhaa, na bidhaa ikiuzwa sana inathibitisha tu kwamba iliuzwa sana. Lakini mtu anayelala juu ya mkeka kwa miezi akichomwa sindano, kisha akashona picha ileile ndani ya nguo anayoingia nayo motoni, huyo ameamua jambo kuhusu yeye ni nani.

Sasa pingamizi, maana zipo na zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba nawapamba majambazi. Ni kweli. Kitabu chenyewe hakiwapambi kiasi hicho. Li Kui, mwenye shoka mbili, anamwua mtoto mdogo ili tu mtu aliyekabidhiwa kumtunza akose njia ya kurudi na alazimike kujiunga na kundi. Kuna nyumba za wageni ambamo msafiri anaingia akiwa mteja na kutoka akiwa nyama ya maandazi. Chapa hazina nafasi ya hayo. Karatasi moja, mtu mmoja, dakika moja ya fahari. Jina la mfululizo linakiri waziwazi: kila chapa inaitwa "mmoja wa mashujaa 108". Riwaya inahusu kukusanyika, watu 108 walioonewa kila mmoja kwa njia yake wakivutwa na mikosi mpaka meza moja; chapa zinawatawanya tena. Mnunuzi ndiye aliyetakiwa kuwakusanya nyumbani kwake kwa pesa zake, na biashara ya namna hiyo kila mzazi mwenye mtoto anayekusanya kadi za wachezaji mpira anaijua. Tena hawakukamilika. Mfululizo ulikoma 108 wakiwa hawajatimia, na kikao cha Liangshan, ukikitafuta kwa Kuniyoshi, kina viti vitupu. Hapa mchoraji alimpunja mwandishi, sina la kumtetea.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kama chapa hizi zilikuwa na ukaidi ninaousema, mbona wakaguzi walizipitisha? Jibu jepesi ni kwamba walikuwa wajinga, na jibu jepesi ni la uongo. Watawala wa China walikiona kitabu hiki kuwa hatari kiasi cha kukipiga marufuku mwaka 1642, nasaba ya Ming ikiwa taabani kwa waasi wa kweli. Wakaguzi wa Edo nadhani waliona watu wa kigeni, wa kale, ambao mwishoni mwa hadithi wanapokea msamaha wa mfalme na kumpigania hadi wengi wao wanakufa. Hawakuona tatizo kwa sababu kwenye karatasi halikuwapo. Tatizo lilianza mgongoni mwa mnunuzi, na hapo serikali ilistuka kweli. Marufuku za tatuu zilitolewa na kurudiwa, jambo linalotuambia zilivyotiiwa. Kuniyoshi mwenyewe alijifunza ukubwa wa mlango uliobaki wazi. Mwaka 1843, baada ya mageuzi ya waziri Mizuno Tadakuni kukataza hata picha za waigizaji, alichapisha hadithi ya kale ya bwana mgonjwa anayesumbuliwa na buibui na majini. Mji ukamwona shogun kitandani, ukaona wananchi waliobanwa katika yale majini, na mchapishaji akaharakisha kuziondoa sokoni. Watu waliosoma picha kwa namna hiyo mwaka 1843 hawakuanza kujua kusoma mwaka huo.

Mwaka 1872 serikali mpya ya Meiji, iliyotaka kuonekana ya kistaarabu mbele ya Wazungu, ikakataza tatuu kabisa, na katazo likadumu hadi 1948. Kichekesho ni kwamba Wazungu wenyewe walizifuata. Mwaka 1881 mjukuu wa malkia wa Uingereza aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano alitia nanga Japani akiwa baharia kijana na kuondoka na joka mkononi. Mjapani akichorwa ni mhalifu, mgeni akichorwa ni mtalii. Ndani ya mazingira hayo Tsukioka Yoshitoshi, mwanafunzi wa Kuniyoshi, alimrudia Shi Jin katika mfululizo wake wa chapa 100 za mwezi ulioanza 1885. Hapigani na mtu. Ameketi usiku wa mbalamwezi kijijini kwao, mabega wazi, na majoka yake yanapunga upepo pamoja naye. Kila mtu aliyeinunua alijua kwamba ngozi ile sasa ni kosa la jinai.

Kilichofuata ndicho kinachonizuia kuandika makala hii kama sifa tupu. Mizuno Toshikata alikuwa mwanafunzi wa Yoshitoshi, kwa hiyo kisanaa ni mjukuu wa Kuniyoshi. Japani ilipoingia vitani na China mwaka 1894, yeye na wenzake walichapa kwa wingi picha za karatasi tatu tatu zilizoungana, mbao zilezile za mcheri, kisuguo kilekile. Humo Wajapani wamesimama wima na sare za kizungu, na Wachina wanakimbia, wameanguka, mikia yao ya nywele hewani, nguo zao za rangi kali kama vikaragosi. Miaka 67 tu ilikuwa imepita tangu ufundi uleule uwafanye watu wa nchi ileile kuwa kipimo cha uanaume cha kila kibarua wa Edo. Waliotaka kuniambia kwamba sanaa ya kupendana huleta watu kupendana, watafute mfano mwingine. Edo ilimpenda Mchina wa kitabuni, aliyevaa uso wa kabuki. Mchina hai ilipokutana naye haikumtambua.

Bado nazipenda. Nazirudia hasa usiku, na ninayemalizia naye huwa Zhang Shun, mwogeleaji wa kundi, dalali wa samaki wa zamani mwenye mwili mweupe. Kitabuni anajipenyeza chini ya maji mpaka lango la mfereji la mji wa Hangzhou, unaoshikiliwa na waasi wa Fang La ambao Song Jiang ametumwa na mfalme awapige. Lango limefungwa vyuma, na nyuma ya vyuma pana wavu wa kamba zilizofungwa kengele. Anaigusa kamba. Kengele zinalia, walinzi wanatazama. Anasubiri, anajaribu tena, na mwishowe mishale na mawe yanamwangukia kutoka ukutani. Anafia majini.

Kuniyoshi kamchora langoni, kisu meno yamekiuma, mikono yote miwili imekamata vyuma na vyuma vinapinda. Maji yanampanda kiunoni. Kamba zipo na kengele zipo, zimening'inia karibu na bega lake, na aliyezichonga kwenye ubao kaziacha zimetulia.